Mkataba Wako Umesainiwa na Nani?

Vijana wanaoniuliza habari za kuajiriwa na kampuni kubwa za teknolojia huanza na mshahara, wakaja kwenye usaili, na mwisho wakagusia mazingira ya kazi. Mimi huwarudisha kwenye swali ambalo hawakuliuliza: mkataba wako utasainiwa na nani? Katika sekta hii jibu la swali hilo huamua karibu kila kitu kinachofuata, tangu kiwango cha malipo na bima ya afya hadi mlango unaoruhusiwa kuupita, na hata kama una ruhusa ya kumweleza mama yako kazi unayoifanya. Nimeyaishi hayo, na ninayaandika kwa sababu naamini tumechelewa kuyajadili kwa Kiswahili, ilhali sehemu ya kazi yenyewe inafanywa kwa Kiswahili.

Nilifanya kazi Nairobi, nikichuja maudhui ya Kiswahili katika mtandao mmoja wa kijamii unaotumiwa sana Afrika Mashariki. Kanuni tulizozifuata ziliandikwa na wenye mtandao, programu tuliyoifungua kila zamu ilikuwa yao, na kasi tuliyotakiwa kwenda nayo ilitokana na matakwa yao. Kanuni zilipobadilika, tulipewa waraka mpya asubuhi na kufikia mchana tulitakiwa tuwe tumeuzoea. Hata hivyo, mkataba wangu ulikuwa na kampuni nyingine iliyopewa kandarasi, na jina la wenye mtandao halikuonekana popote katika karatasi yangu ya mshahara. Ofisini tuliwaita “mteja”. Mteja hajaridhika na wiki hii. Mteja anataka foleni ya jana iishe leo. Nilimfanyia kazi huyo mteja muda wote niliokuwa pale, na sikuwahi kuonana na mtu wake hata mmoja aliyekuwa na mamlaka ya kusikiliza malalamiko yangu.

Wengi hudhani kuwa kazi hii ni kutazama mambo machafu na kuyafuta. Kwa kweli sehemu yake kubwa ni kutoa hukumu. Maudhui huja kwa foleni: ukimaliza moja, jingine limekwisha kufunguka, na pembeni mwa skrini kuna saa inayohesabu sekunde ulizotumia. Baadhi ya maamuzi yako huchukuliwa na mkaguzi wa ubora na kupitiwa upya. Mkitofautiana naye, alama zako hushuka, na zikikaa chini ya kiwango kwa muda, unaitwa kujieleza.

Msimu wa Idd el-Hajj foleni ilijaa video za watu wakichinja mbuzi na ng’ombe uani. Mfumo wa kompyuta ulizihesabu kuwa ukatili dhidi ya wanyama, ukatusukumia kwa wingi. Mtu aliyelelewa Mombasa hutambua mara moja kinachoendelea: mnyama amelazwa kuelekea kibla, mchinjaji ameshapiga bismillahi, na watoto wamesimama nyuma ya baba yao wakichungulia. Ilibaki tu kupima damu inayoonekana na kuamua kama video iachwe ilivyo au iwekewe onyo. Kazi ya namna hiyo niliipenda, kwa sababu ujuzi wangu wa watu wangu ulikuwa na thamani iliyoonekana.

Zilizokuwa ngumu ni picha za ajali. Basi likipinduka katika barabara kuu, picha za waliofariki huenea kabla polisi hawajatoa jina hata moja, zikiambatana na maneno kama “anayemfahamu huyu awajulishe ndugu zake”. Kwa kanuni tulizopewa, picha ya maiti yenye majeraha yaliyo wazi haikutakiwa kubaki hivyo hivyo. Lakini kwa familia iliyoko Kilifi au Lindi, ambayo simu ya mtoto wao haipatikani tangu usiku, picha ile huenda ndiyo njia pekee ya kujua kwamba hatarudi, na mochwari ya kwenda kumtafuta ni ipi. Nakumbuka picha moja ya kijana aliyevaa jezi ya mpira, ambayo niliitazama kupita sekunde nilizoruhusiwa, nikisoma maoni yaliyo chini yake ili nione kama yupo aliyemtambua. Sikumwona. Nikachagua lebo, picha ikaondoka, nyingine ikafunguka. Uamuzi ule uligusa kifo cha mtu na haki ya ndugu zake kumzika, na ulifanywa kwa niaba ya mtandao na mtu ambaye wenye mtandao hawakumtambua kuwa mfanyakazi wao. Hilo ndilo lililonifanya nianze kuusoma mpango huu ulikotoka.

Haukuanzia kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Microsoft, huko Redmond katika jimbo la Washington, iliwatumia watu wengi waliosaini hati za kukubali kwamba wao ni wafanyakazi huru wanaojitegemea. Mamlaka ya kodi ya Marekani ilichunguza na kuona kwamba kwa mujibu wa sheria watu hao walikuwa waajiriwa, na mwaka 1992 baadhi yao wakafungua kesi wakidai mafao waliyonyimwa. Hukumu ya mahakama ya rufaa katika kesi hiyo inaeleza mambo ambayo mtu yeyote aliyefanya kazi chini ya kandarasi atayatambua. Walikuwa katika timu zilezile na waajiriwa, chini ya wasimamizi walewale, kwa saa zilezile, na kampuni iliwapa ofisi na vifaa. Tofauti ilikuwa katika rangi ya beji na anwani za barua pepe, katika kutoalikwa kwenye hafla rasmi, na katika kulipwa kwa kupeleka ankara badala ya kupitia idara ya mishahara. Mwezi Desemba 2000 Microsoft ilikubali kulipa dola milioni 97 kuimaliza kesi.

Ningependa kusema kwamba sekta nzima ilijifunza kuwaajiri watu wake. Ninavyoona mimi, ilichojifunza ni kuongeza umbali. Mwaka uleule wa 2000 Microsoft iliweka utaratibu kwamba mfanyakazi wa muda akitumikia mwaka mmoja lazima akae nje siku 100 kabla ya kurudi. Kampuni za wakala nazo zikazidi kuwa na kazi, kwa kuwa mfanyakazi akiandikwa na wakala, ni vigumu kwake kudai kwamba ni wa kampuni kubwa, hata kama meza anayokalia iko ndani ya jengo lake.

Google ilipokua, ilikua kwa mtindo huohuo. Beji nyeupe ni ya mwajiriwa kamili, nyekundu ni ya aliyeletwa na wakala au mkandarasi. Mwaka 2019 gazeti la New York Times liliripoti, kwa kutumia hati ya ndani ya kampuni, kwamba hadi Machi mwaka huo Google ilikuwa na waajiriwa kamili wapatao 102,000, na watu wa muda na wa kandarasi wapatao 121,000. Maana yake ni kwamba ukimchagua mtu yeyote bila kujua aliyefanya kazi kwa ajili ya Google wakati ule, alielekea zaidi kuwa na beji nyekundu kuliko nyeupe. Sifa ambazo dunia ilizisikia juu ya kampuni hiyo, za chakula cha bure na uhuru wa kubuni, zilikuwa hadithi ya upande mmoja wa hesabu hiyo.

Katika barua ambayo wenye beji nyekundu walimwandikia mkurugenzi mkuu, Sundar Pichai, mwezi Desemba 2018, kuna jambo ambalo nikilisoma hunikaa moyoni kuliko takwimu. Mwezi Aprili mwaka huo mtu mwenye bastola aliingia katika makao makuu ya YouTube huko San Bruno, California, akafyatua risasi na kujeruhi watu. Waandishi wa barua walieleza kwamba taarifa za usalama zilizokuwa zikitumwa wakati tukio likiendelea zilikwenda kwa waajiriwa kamili peke yao, na kwamba kesho yake wenye beji nyekundu hawakuruhusiwa katika mkutano wa kulijadili. Watu waliokuwa katika jengo moja, wakikimbia hatari moja, waligawanywa na orodha ya barua pepe. Naamini hakuna aliyekaa akapanga kuwaacha wengine gizani, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi: mfumo ulikuwa umepangwa hivyo siku zote, na siku ya hatari ukafanya ulivyozoea.

Sitaki ieleweke kwamba mwenye beji nyeupe hana shida. Tarehe 20 Januari 2023 Google ilitangaza kuwapunguza watu wapatao 12,000, na wapo waliojua wamefutwa kazi pale akaunti zao zilipokataa kufunguka. Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilikuwa imekwisha kuwaondoa zaidi ya 11,000 mwezi Novemba 2022, na Machi 2023 ikatangaza wengine 10,000. Kufungiwa nje ya kazi uliyoipa miaka yako, bila hata kuagana na wenzako, ni udhalilishaji, na huruma yangu kwao ni ya kweli. Lakini mfanyakazi wa Google aliyeondolewa Marekani aliahidiwa mshahara wa wiki 16 na wiki mbili zaidi kwa kila mwaka wa utumishi. Mwezi huohuo wa Januari 2023, katika Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, kampuni ya Sama, iliyokuwa mkandarasi wa Facebook, ilitangaza kuacha kazi ya kusimamia, yaani kuchuja, maudhui ya mtandao huo, na wasimamizi wa maudhui wapatao 260 wakaambiwa kazi yao inaisha. Wengi walikuwa wametoka Ethiopia, Somalia, Uganda, Afrika Kusini na kwingineko, na vibali vyao vya kuishi Kenya vilitegemea ajira hiyo.

Kisa cha Sama kinanisumbua kwa sababu kampuni hiyo ilianzishwa na Leila Janah mwaka 2008 kwa nia iliyotangazwa ya kuwapa watu maskini kazi yenye heshima. Wapo walionufaika. Hata mimi, kwa mshahara wa kampuni nyingine ya namna hiyo, niliweza kutuma fedha nyumbani kila mwezi na kumlipia ndugu yangu karo, na siwezi kuikana riziki hiyo. Wanaoitetea biashara hii husema kwamba malipo yake ni bora kuliko vibarua vingi vya mjini, na ni kweli. Lakini fedha huonyesha mambo zaidi ukizitazama katika ngazi zote. Mwezi Januari 2023 jarida la TIME lilieleza mikataba ambayo Sama ilisaini na OpenAI, kampuni iliyotengeneza programu ya mazungumzo ya ChatGPT, mwishoni mwa mwaka 2021, ya kuweka lebo katika maandishi ya ukatili na ya unyanyasaji wa kingono ili mfumo wa kompyuta ujifunze kuyaepuka. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, mikataba ilitaja malipo ya dola 12.50 kwa saa kwa Sama. Wafanyakazi waliosoma maandishi yale walibaki na kati ya dola 1.32 na dola 2. Sama ilijibu kwamba kiasi cha juu kilijumuisha gharama nyingine za kuendesha kazi. Bila shaka ofisi ina kodi na umeme. Hata hivyo, anayebaki na jinamizi la usiku ni yule aliyesoma.

Nasema jinamizi bila kutia chumvi. Huko Marekani, wasimamizi wa maudhui waliofanya kazi kupitia wakandarasi wa Facebook walifungua kesi mwaka 2018 kwa ajili ya madhara ya akili waliyoyapata, na mwezi Mei 2020 Facebook ilikubali kutoa dola milioni 52, fidia iliyowahusu zaidi ya watu 11,000, kila mmoja akipata angalau dola 1,000. Makubaliano hayo hayakuvuka bahari. Huku kwetu, mwezi Desemba 2024 ilifahamika kwamba zaidi ya wasimamizi wa maudhui 140 waliokuwa wamefanya kazi Nairobi walikuwa wamepimwa na kukutwa na maradhi ya kiwewe, kwa taarifa za mkuu wa huduma za afya ya akili wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta zilizowasilishwa mahakamani. Mahali nilipofanya kazi kulikuwa na mshauri nasaha, mtu mwema na mwenye kusikiliza, lakini dakika nilizokaa naye zilikuwa dakika ambazo foleni yangu haikusogea, na kila mtu alijua. Wengi wetu tulichagua foleni.

Mkataba wa usiri uliongeza uzito. Hatukuruhusiwa kumtaja mteja wala kueleza tulichokiona. Nyumbani nilisema niko katika ofisi ya kompyuta, wakaridhika, na usiku niliposhtuka usingizini sikuwa na namna ya kueleza. Naelewa kwamba faragha ya watu walioweka picha zao lazima ilindwe. Lakini kuficha majina ya watumiaji ni jambo moja, na kumkataza mfanyakazi asimwambie mkewe au daktari wake kinachomuumiza ni jambo jingine, na hofu iliyojengwa na mikataba ile haikututofautishia mambo hayo mawili.

Aliyevunja ukimya huo hadharani ni Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyefukuzwa na Sama mwaka 2019 baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki zao. Habari zake zilichapishwa na TIME mwezi Februari 2022, na mwezi Mei mwaka huo akazishtaki Sama na Meta jijini Nairobi. Mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 walifungua kesi yao kuhusu namna walivyoondolewa kazini. Hoja ya Meta ilikuwa ileile ya beji: sisi si wakazi wa Kenya, hatuna ofisi huko, na hawa hawakuwa wafanyakazi wetu. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilikataa kuiondoa Meta katika kesi ya Motaung mwezi Februari 2023. Mwezi Juni, katika amri za muda za kesi ya wenzake, jaji aliona kwamba kazi ile ilikuwa ya Meta, ikifanywa kwa mfumo wake na kwa vigezo vyake, na kwamba mkandarasi alisimama tu kama wakala. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilithibitisha kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Nilipoisoma habari hiyo nilihisi kwamba kuna mtu mwenye mamlaka ambaye hatimaye ameitazama skrini tuliyokuwa tukiitazama na kuona jina lililoandikwa juu yake.

Sisi wa Mombasa tuna kumbukumbu ya karibu ya jambo hili. Makuli wa bandari ya Kilindini waliajiriwa kwa siku, wakisimama asubuhi wakingoja kuitwa, wala hapakuwa na kampuni iliyokubali kwamba hao ni watu wake, ingawa bila wao meli zisingepakuliwa. Januari 1947 mgomo mkuu uliisimamisha bandari na mji. Ilichukua miaka, lakini katika miaka ya 1950 waajiri wa bandarini walianza kuwasajili makuli na kuwapa kazi ya kudumu. Tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya wasimamizi wa maudhui na waweka lebo 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao, na nilipoziona picha za mkutano ule niliwakumbuka wazee wa Kilindini. Miongoni mwa waliokutana walikuwapo watu waliofanya kazi kwa ajili ya Facebook, TikTok na ChatGPT, wenye mikataba ya kampuni mbalimbali, waliogundua kwamba wanaumwa ugonjwa mmoja.

Nairobi hiyohiyo ina upande wa pili. Microsoft ilifungua kituo chake cha maendeleo ya programu hapo mwaka 2019, na Google ilitangaza chake mwaka 2022. Wahandisi wetu wanaajiriwa huko moja kwa moja, kwa mikataba yenye jina la kampuni yenyewe. Nawafurahia kwa dhati. Inathibitisha kwamba kampuni hizi zinajua kuajiri Kenya pale zinapotaka, zina wanasheria na njia za kulipa mishahara na kodi, na kwamba umbali unaotajwa mahakamani ni uamuzi, wala si jiografia.

Kwa sababu hiyo nilisikitishwa na muswada uliofikishwa katika Seneti ya Kenya mwaka 2024, wenye kifungu cha kuwakinga wateja wa nje wasishtakiwe na wafanyakazi wa kampuni wanazozipa kandarasi. Nia iliyotajwa ni kuvutia ajira kwa vijana, na nani asiyezitaka ajira hizo? Lakini kifungu cha namna hiyo kingefunga mlango uleule ambao Mahakama ya Rufaa imeuacha wazi. Ninachotaka kinaweza kuandikwa katika aya moja ya sheria: anayepanga kanuni za kazi, kasi yake na vipimo vyake abebe pamoja na mkandarasi wajibu wa malipo ya haki na wa afya ya mfanyakazi, na matibabu ya akili yaendelee baada ya mkataba kuisha, kwa kuwa kiwewe hakiishi siku beji inaporudishwa.

Wanaokwenda kwenye usaili wiki hii hawawezi kuisubiri sheria hiyo. Kwao nasema: ulizeni, kabla ya kusaini, kazi hii ni ya nani, na kama jina lake litaandikwa katika mkataba. Ulizeni kama kazi ina picha au maandishi ya ukatili, kwa sababu wenzenu wengi waliambiwa ni kazi ya huduma kwa wateja au ya kutafsiri. Ulizeni mkataba wa usiri unawaruhusu kumweleza daktari au la, na mtake jibu la maandishi. Na msaini mkiwa na nakala yenu mkononi. Mimi ya kwangu niliisoma katika skrini ya ofisi, na nilipoihitaji baadaye kompyuta ile haikunitambua tena.